Chingolo: spishi moja kutoka Chiapas hadi Tierra del Fuego

Ukimwona ndege chingolo mitaani Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, utasema ni shomoro. Umbo linakaribiana, uzito wake ni gramu 20 hadi 25 tu, na huokota makombo karibu na watu. Mtazame vizuri: kichwa cha kijivu chenye michirizi myeusi na kishungi kidogo, koo jeupe, na nyuma ya shingo ukanda wa rangi ya kutu. Kiukoo wako mbali. Shomoro ni wa familia ya Passeridae. Chingolo, Zonotrichia capensis, ni wa Passerellidae, familia ya mabara ya Amerika peke yake.

Zamani aliwekwa katika Emberizidae, pamoja na ndege wa jenasi Emberiza tulio nao hata Afrika Mashariki. Uchunguzi wa DNA ukaonyesha kuwa wale wa Amerika ni tawi lingine, wakatengwa. Jenasi yake ina spishi 5: nne huzaliana Amerika ya Kaskazini, huyu ndiye aliyeshika kusini.

Hilo “capensis”, yaani “wa Rasi”, lisikupoteze. Mwanasayansi Statius Müller alilitoa mwaka 1776 kwa kuamini kuwa ndege huyo anatoka Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, ambako hayupo. Kanuni za majina ya kisayansi hulinda jina la kwanza hata likipotosha, na naona ni heri hivyo kuliko kuvuruga kumbukumbu za karne mbili.

Jambo kubwa zaidi ni eneo lake. Anaanzia Chiapas, kusini mwa Meksiko, anafuata milima ya Amerika ya Kati na Andes hadi Tierra del Fuego, ncha ya kusini ya Amerika. Yupo pia milimani katika kisiwa cha Hispaniola. Karibu na ikweta hupenda nyanda za juu zenye vichaka na mashamba, na msitu mnene wa Amazon humkosa. Kusini zaidi, kwenye baridi, huishi hata mabondeni. Ila Peru inavunja utaratibu huo: yupo Lima pwani, yupo pia juu ya mita 4,000, penye hewa nyembamba. Zachary Cheviron na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti uliolinganisha utendaji wa jeni za ndege wa juu na wa chini huko. Porini ulitofautiana, walipofugwa pamoja mahali pa chini kwa muda, tofauti hizo zikatoweka. Mwili hujirekebisha kulingana na mahali.

Nususpishi zake, yaani migawanyo ya kimaeneo ndani ya spishi, zinazidi 20. Wa milima bapa ya Venezuela ni weusi zaidi. Yule wa Patagonia, kusini mwa Argentina na Chile, aitwaye australis, michirizi ya kichwani imefifia, na majira ya baridi huhamia kaskazini. Hata hivyo, tofauti nyingi hubadilika polepole kutoka eneo hadi eneo, ndiyo maana wataalamu wamemwacha kuwa spishi moja.

Nyimbo nazo zina lahaja. Fernando Nottebohm alizichunguza Argentina miaka ya 1960, na baadaye Paul Handford akaonyesha kuwa mtetemo wa mwisho wa wimbo huenda polepole msituni na haraka kwenye mbuga za nyasi. Kwa kuwa makinda hujifunza wimbo kwa kusikiliza madume wakubwa, wimbo tofauti peke yake si ushahidi wa spishi tofauti. Anayependekeza kumgawa chingolo alete pia jeni na vipimo vya mwili.