Kutafuta kikundi cha kuacha pombe: kutoka kwenye simu hadi kitini

Mtu anayeamua kuacha pombe mara nyingi huamua asubuhi, kichwa kikigonga na mikono ikimtetemeka. Ikifika jioni, uamuzi umeshalegea. Kwa hiyo fanya kazi ya kutafuta kikundi asubuhi hiyo hiyo. Ikifika adhuhuri uwe na mambo matatu mkononi: siku na saa ya mkutano, mahali penyewe, na namba ya mtu wa kumpigia ukipotea njia.

Kwanza, afya. Anayekunywa kila siku, hasa yule anayezimua kila asubuhi ndipo aweze kushika kikombe cha chai, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mtetemeko na jasho huanza saa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho. Kifafa kinaweza kumwangusha ndani ya siku 2 za kwanza, na kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huweweseka na kuona vitu visivyokuwapo. Hali hiyo huua. Nenda hospitali useme wazi unakunywa nini na kiasi gani, hata kama ni chang'aa. Watakupa dawa ya kutuliza ambayo kipimo chake hupunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Usijinunulie dawa za usingizi dukani, kwa sababu zikikutana na pombe mwilini zinaweza kukata pumzi.

Ukiwa Kenya, piga 1192. Ni namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na inafanya kazi usiku na mchana. Waombe ushauri, kisha uulize vikundi vilivyo karibu nawe. Njia nyingine ni tovuti ya Alcoholics Anonymous, yaani AA, umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, au programu yao ya simu iitwayo Meeting Guide. Orodha hizo huchakaa: kikundi huhama ukumbi, saa hubadilika, na tangazo hubaki lile la zamani. Wengi wamefunga safari wakakuta mlango una kufuli, wakarudi kwa kupitia baa. Usipande matatu kabla hujampigia mtu wa kikundi na kuthibitisha.

Unapompigia, uliza wanaongea lugha gani, maana vikundi vingine vya mjini huchanganya Kiingereza na Kiswahili. Uliza pia mnaingilia geti gani, chumba kipi, na mlinzi umwambie nini. Hili la mwisho si dogo. Mikutano mingi hufanyika kwenye kumbi za makanisa na hospitali, na mlinzi huenda anawajua kama “watu wa Alhamisi” tu. Mgeni anayelazimika kueleza shida yake getini mbele ya watu huwa hafiki ndani.

Utasikia pia kwamba mkutano ni wa wazi au umefungwa. Wa wazi, yeyote anaingia, hata mkeo au ndugu yako. Uliofungwa ni wa wenye tatizo la pombe wanaotaka kuacha, na wewe umo, hata kama leo ndiyo siku yako ya kwanza. Wapo wanaolisoma neno hilo vibaya wakageuzia mlangoni.

Ndani, mkutano huchukua kama saa moja hadi moja na nusu. Viti mara nyingi hupangwa duara. Mmoja husoma utangulizi, kisha wanaotaka huzungumza kwa zamu, kila mtu akitaja jina lake la kwanza tu. Zamu ikikufikia, sema “leo nasikiliza tu”, inatosha. Hakuna atakayekujibu wala kukuhoji. Kikapu kikipita, mgeni halazimiki kutoa. AA haina ada wala kiingilio tangu ilipoanza Akron, Marekani, mwaka 1935. Anayekudai pesa ya usajili haendeshi AA. Kama ni kituo cha matibabu, basi muulize kibali chake.

Sala utaisikia, lakini AA si dhehebu, na Muislamu na Mkristo huketi duara moja.

Kosa linalotuumiza zaidi ni kwenda mara moja na kuamua kwamba “hawa si watu wa aina yangu”. Vikundi hutofautiana mno. Hudhuria angalau mara sita, katika vikundi viwili ukiweza, na kila mara uondoke na namba ya mtu wa jinsia yako aliyekaa muda mrefu bila kunywa. Mpigie siku ya mshahara, kabla hujaguswa na glasi. Mwenzako akikushauri uache dawa za akili ulizoandikiwa, usimsikilize, rudi kwa daktari wako.

Pasipo na kikundi karibu, ipo mikutano ya Zoom. Zima video ili bando lidumu. Zanzibar, nyumba za kupata nafuu, ambazo wenyeji huziita soba hausi, hutumia hatua 12 za kuacha ulevi kama zile za AA, ingawa wengi humo walitoka kwenye heroini. Watu wawili wanaotaka kuacha wanaweza pia kukaa pamoja wakaanzisha kikundi chao. Mke, mume au mzazi wa mnywaji ana mikutano yake, Al-Anon, na anaweza kwenda hata kama mgonjwa amekataa.

Na ikitokea umeshakunywa siku ya mkutano, usiendeshe gari. Mwombe mtu akusindikize, keti nyuma, usikilize. Hawatakufukuza kwa kuwa umekunywa, maadamu huvurugi mkutano.