Ushahidi unafika mahali, kisha wewe unaamua

Vijana ninaowafundisha Biblia hapa Kigoma huniuliza sana: "Mwalimu, tutajuaje kwamba haya ni kweli?" Baadhi ya walimu wenzangu huwajibu kwa mfano wa Ujiji, hapa jirani. Ulikuwepo pale mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871? Hukuwepo. Mbona unaamini? Basi amini na ufufuko wa Yesu.

Silikubali jibu hilo. Habari ya Ujiji waliiandika wote wawili, na hata ikigundulika kesho kwamba walikutana kwingine, maisha yangu hayabadiliki. Ufufuko unanitaka nimsamehe aliyenidhulumu na nife nikiwa na tumaini. Jambo linalodai maisha yangu yote silipimi sawa na habari isiyonidai chochote.

Ushahidi upo, na ninaufundisha kwa moyo wote. Kuanzia mwaka 1947, mapangoni Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, yalipatikana magombo ya kale, likiwemo la ngozi lenye urefu wa zaidi ya mita 7 na sura zote 66 za Isaya. Gombo hilo lina umri wa takribani miaka 1,000 zaidi ya nakala za Kiebrania zilizokuwa zikitegemewa. Ukilinganisha, tofauti za tahajia na maneno ni nyingi, lakini kitabu ni kilekile. Tunajua basi kwamba wanakili walikuwa waaminifu. Kwamba Mungu alisema na Isaya, hilo ngozi haiwezi kutuambia.

Nafundisha pia yale yanayosumbua. Katika nakala mbili kongwe za karne ya 4, Injili ya Marko inaishia sura ya 16, mstari wa 8: wanawake wanakimbia kutoka kaburini, wameogopa, hawamwambii mtu. Mistari ya 9 hadi 20 haimo. Wapo wanaoona heri waumini wasiambiwe. Mimi naona imani inayolindwa kwa kufichwa habari itavunjika siku muumini atakapoipata mwenyewe kwenye simu yake.

Kijana mmoja anayeuza dagaa Kibirizi aliniuliza swali zito kuliko yote: "Kama mwisho wake ni kuchagua tu, kwa nini nisimchague nabii anayeuza mafuta ya upako?" Nilimwambia aanze kwa kuuliza shahidi anapata nini. Paulo alishona mahema ili ajilishe, akapigwa, akafungwa. Aliwaandikia Wakorintho kwamba wengi waliomwona Kristo mfufuka wangali hai, maana yake waulizeni. Anayekuuzia chupa hataki uulize. Hata hivyo sikumficha kwamba mtu anaweza kuteseka kwa ajili ya jambo alilokosea. Mateso ya Paulo yananionyesha kwamba hakuwa mlaghai, basi.

Hapo ndipo ushahidi unapokoma, na mimi ndipo ninapoamua. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alieleza kwamba katika imani akili hukubali kwa kusukumwa na utashi, nao utashi huguswa na neema ya Mungu. Naona ameeleza sawasawa kinachonitokea. Sijalazimishwa na hoja kama ninavyolazimika kukubali kuwa mbili na mbili ni nne. Nimesoma, nimepima mashahidi, nimemsikia Yesu akimwambia Tomaso mwingine, yule mtume, "wa heri wale wasioona, wakasadiki", nikasema ndiyo. Wapo watu makini waliopima yaleyale wakasema hapana, na siwaiti wajinga.

Yule kijana bado hajaamua. Nimempa Marko aisome yote, sura 16, pamoja na mistari ile yenye utata. Nimemwomba pia asali kwa maneno ya baba wa yule mtoto mgonjwa katika sura ya 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kasema atasali, ila maswali yake hayaachi. Nimemwambia aje nayo Jumapili.