Graze au Topple: silaha ya mbinu inatakiwa ikugharimu kitu

Silaha ikikupa kitu cha ziada kila ukipiga, bure, bila wewe kuchagua chochote, hiyo ni silaha rahisi tu, hata kama kitabu kimeieleza kwa mistari kibao. Huo ndo ugomvi wangu na Weapon Mastery (ile sheria inayoipa kila silaha tabia yake ya ziada) ya D&D ya 2024, yaani Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, na nausema kama mtu anayetunga sheria za mezani na kuzijaribu kwa watu wanaokula chipsi huku wanarusha dadu, watu ambao hawana hamu kabisa ya hesabu zangu.

Kidogo tu historia. Mwaka 1974 mchezo ulipotoka kila silaha ilikuwa dadu moja ya pande sita, kisu d6, shoka d6, na mwaka uliofuata nyongeza ya Greyhawk ikaleta dadu tofauti kwa silaha tofauti. Tangu hapo ni kuvutana tu kati ya wanaotaka silaha irahisishwe na wanaotaka kila chuma kiwe na tabia yake. Toleo la 2014 lilivuta upande wa urahisi mpaka likapitiliza, longsword (upanga mrefu), battleaxe (shoka la vita) na warhammer (nyundo ya vita) zote d8 kwa mkono mmoja na d10 kwa mikono miwili, tofauti karibu hamna. 2024 wakarudi na tabia nane: Cleave, Graze, Nick, Push, Sap, Slow, Topple, Vex. Wazo zuri sana kwa kweli, mimi nililifurahia.

Sasa chukua mbili tu, upanga mkubwa wenye Graze na maul, ile nyundo ya mikono miwili, yenye Topple. Zote 2d6 (dadu mbili za pande sita), bei na uzito weka pembeni. Mpiganaji wetu yuko levo ya 5, Strength (nguvu) inampa +4, proficiency (ujuzi) +3, adui ana kinga ya 15, ndo namba ya kufikia ili umpate. Anahitaji 8 kwenda juu kwenye d20, yaani asilimia 65. Akipata, wastani wa dameji ni 11. Akikosa, Graze inasema adui anaumia 4 hivohivo, hamna kurusha tena, hamna kuuliza. Asilimia 35 ya 4 ni 1.4 kwa pigo, ana mapigo mawili, kwa hiyo 2.8 kwa zamu. Na uzuri wa Graze ni kwamba adui akiwa mgumu zaidi inakulipa zaidi, kinga ikifika 18 unakosa nusu ya mapigo na Graze inapanda mpaka 4 kwa zamu. Mchezaji hajafikiria kitu na kalipwa, ndivyo silaha rahisi inavyotakiwa kuwa.

Topple ndo hii: ukipata, adui anarusha dadu ya Constitution (uimara wa mwili, kwa kifupi Con) dhidi ya DC 15, yaani namba anayotakiwa kufikia (8 jumlisha 4 jumlisha 3), akishindwa yuko chini. Adui mwenye +2 anashindwa asilimia 60. Pigo la kwanza lipate halafu na yeye ashindwe, ni asilimia 39. Akiwa chini pigo lako la pili unarusha d20 mbili unachukua kubwa, nafasi ya kupata inatoka 65 kwenda karibu 88, na ukijumlisha na kritiko (ukipata 20 kwenye d20 dadu za silaha zinarushwa mara mbili) hiyo ni kama dameji 2.8 ya ziada, ila ni kwa ile asilimia 39 tu. Kwa hiyo ukipigana peke yako Topple inakupa kama 1.1 kwa zamu. Graze 2.8. Topple inakuja kushinda pale ambapo rafiki zako waliosimama karibu naye nao wanampiga huyo aliye chini kabla hajainuka, na hapo inashinda vizuri tu, sibishi.

Shida yangu iko kwingine. Hebu angalia zamu yenyewe ilivyo. Mchezaji anapata, anasema dameji 13, DM (msimamizi wa mchezo) anaandika, halafu mchezaji: "anarusha Con." DM anatafuta Con ya goblini. Goblini alikuwa na uhai 4, kashakufa. "Aa basi, huyu mwingine." Anapata tena, anarusha Con, amepita, endelea. Fika levo ya 11 una mapigo matatu, yaani mpaka kurusha mara tisa kwenye zamu moja, wakati mwenye upanga hazidi mara sita. Na kwenye dadu zote hizo, niambie, mchezaji aliamua nini? Hajaamua chochote. Kuangusha ni bure, kwa hiyo anaomba kila mara kama anavyopumua. Uamuzi pekee aliufanya siku aliyochagua maul dukani. Mbaya zaidi yule mwenye upinde aliyekaa nyuma anachukia kimyakimya, maana kumpiga mshale mtu aliyelala kutoka mbali ni kurusha mbili na kuchukua ndogo, na mwenye nyundo wala hakuwazia hilo maana hamna kilichomlazimisha awaze.

Kosa la upande wa pili lipo pia na ni la zamani kidogo. Fighter (mpiganaji) wa 2014 levo ya 3 alikuwa anachagua Champion, ambaye ni wa watu wasiotaka mambo mengi, au Battle Master ambaye ni wa mbinu. Champion alipewa kritiko kwenye 19 na 20. Piga hesabu, ni asilimia 5 ya dadu za silaha, kwa upanga mkubwa ni 0.35 kwa pigo. Battle Master ana d8 nne kila baada ya mapumziko mafupi, wastani 18 jumla, na juu yake kila moja inaangusha mtu au inamtisha au inamsukuma. Champion ili afikishe 18 anahitaji mapigo kama 51 kabla watu hawajapumzika. Aisee 51! Hamna meza inayopiga hivyo. Yaani mtu aliadhibiwa kwa kusema "mimi nataka kupiga tu", na huyo mara nyingi ndo mgeni, ndo yule ambaye ungependa arudi wiki ijayo.

Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, toleo la pili la 2019 walilielewa hili la gharama vizuri. Una vitendo vitatu kwa zamu, ukitaka kumwangusha mtu kwa silaha yenye Trip (tabia ya kuangusha) unatumia kimoja, unarusha Athletics (ustadi wa nguvu za mwili) dhidi ya Reflex yake (wepesi wa kukwepa), na kwa sababu inahesabiwa kama shambulio, pigo lako linalofuata linakatwa 5, la tatu 10. Na ukiharibu vibaya kabisa unaanguka wewe. Hapo mtu anakuna kichwa kweli. Ila nishaona wageni wanavyoganda kwenye vitendo vitatu, macho yanazunguka kwenye karatasi kama wanasoma mkataba wa mkopo, kwa hiyo siwezi kukuambia hamia huko.

Mezani kwangu nimeibadilisha Topple hivi: ukipata, unaweza kuamua kutoa modifaya yako ya Strength (ile +4) kwenye dameji ya pigo hilo, na adui wa saizi ya Large (kubwa) au ndogo kuliko hiyo anaanguka. Harushi kitu. Wakubwa kuliko hapo bado wanajiokoa kama kitabu kinavyosema. Kwa mpiganaji wetu gharama ni 4. Akiwa peke yake, pigo lake la pili linampa ile 2.8, kwa hiyo ni hasara na ataacha, na aache. Akiwa na rafiki mmoja wa mapigo mawili anayemfuata kwenye zamu, mwenye silaha ya nguvu ileile, faida ni kama 8.5 kwa 4 aliyolipa, na ukizingatia mara anazokosa inamwachia faida ya kama 3 kwa zamu, karibu sawasawa na Graze. Rafiki wawili, anaipita mbali. Adui akianza zamu kabla ya rafiki, anainuka kwa nusu ya mwendo wake na hela imepotea, kwa hiyo ghafla mwenye nyundo anauliza nani anafuata, mwenye upinde anapiga kelele "usimwangushe huyo ni wangu", na dadu za kurusha zimepungua badala ya kuongezeka.

Mwenye trident, ule mkuki wa meno matatu, simtozi akiirusha. Ina Topple na inarushwa futi 20 bila shida, na kinachoruka kikiangushwa hewani kinadondoka, d6 kwa kila futi 10, na bado kimelala hapo chini. Mtu aliyepata nafasi kama hiyo na akaiona mwenyewe mwachie aifurahie.

Sap nayo sijaigusa. Ukipata, shambulio linalofuata la adui linarushwa mara mbili na kuchukuliwa ndogo, ni bure kila pigo, kwa hiyo kwa maneno yangu mwenyewe ni silaha rahisi, na nimeiacha iwe rahisi maana anayetakiwa kukumbuka ni mimi DM na dadu zote mbili narusha mimi. Mgeni akija nampa upanga mkubwa, akitaka ngao nampa longsword yenye Sap, na nyundo nampa yule anayeuliza kila mtu amesimama wapi kabla hata zamu yake haijafika.