Filta ya Oili Ikivuja, Usikimbilie Kuikaza

Gari likiingia karakana ya chuo chetu likidondosha oili, sisi wakufunzi huuliza kwanza: oili na filta zimebadilishwa lini? Tukiambiwa "jana", tunaushuku ufungaji kabla ya kuishuku filta yenyewe.

Mkosaji mkubwa ni mpira wa filta ya zamani. Joto huufanya ung'ang'anie kwenye injini, filta ikatoka peke yake. Fundi asipopapasa pale juu, anafunga filta mpya na mipira inakuwa miwili. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) huenda isivuje hata tone. Ukikanyaga mafuta, presha inapanda, mpira mmoja unachomoka na oili inaweza kuisha ndani ya dakika chache. Hapo kukaza zaidi hakusaidii, fungua uangalie. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kutupa filta kuukuu kabla ya kuuona mpira wake.

Kosa jingine ni thredi, yaani mikato ya skrubu ambayo filta huzungushiwa kwayo. Filta yenye thredi ya milimita 20 huingia kwenye injini yenye thredi ya inchi 3/4, kwa macho zinafanana, lakini inakaa legelege. Muuza spea akikwambia "hii nayo inaingia", mwonyeshe namba ya ile ya zamani.

Kufunga kwenyewe ni kwepesi: pangusa uso wa injini, paka mpira oili mpya, zungusha kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza kama robo tatu ya mzunguko, au kadiri ilivyoandikwa ubavuni mwa filta. Spana ya mnyororo ni ya kufungulia (ingawa wengi wanaipenda kwa kukazia, na mpira unapondeka).

Huna uhakika kama ni filta? Swichi ya presha ya oili mara nyingi iko jirani nayo, na gasketi ya kava la tapeti (kifuniko cha juu ya injini) huvuja kutoka juu ikaisingizia. Injini ikipoa, futa kote kukauke, tandika boksi chini, washa dakika 2, umulike tochi. Palipoloa juu kuliko kwingine ndipo chanzo. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake; weka stendi.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, egesha na uzime injini papo hapo. Taa hiyo inaonya kuhusu presha, haipimi wingi wa oili, kwa hiyo usijikokote hadi gereji ya pale mbele. Ita gari la kuvuta.