Jeli ya kucha kunata si ubichi

"Dada, hii bado mbichi, nirudishe kwenye taa." Hapa saluni kwetu Ngamiani, Tanga, siku haipiti bila kauli hiyo. Mteja wa jeli, rangi ya kucha inayogandishwa kwenye taa, kagusa kucha, kidole kimenata, keshaamini kapakwa rangi feki.

Rangi haina kosa. Rangi ya kawaida hukauka kwa kimiminika chake kuvukia hewani. Jeli huganda kwa mwanga. Mwanga wa taa huzalisha ndani yake chembe zenye pupa, radikali huru, zinazounganisha molekuli moja moja hadi ziwe minyororo. Tatizo ni oksijeni, ambayo ni kama asilimia 21 ya hewa. Nayo huzitaka chembe hizohizo, na pale juu ndiyo inayoziwahi. Mnyororo unakatikia njiani. Chini kumeshakuwa kugumu, juu umebaki utando mwembamba kuliko unywele, unanata.

"Basi niongezee dakika." Hata ukiongeza kumi, ndani ya taa hewa haiishi. Pamba yenye spiriti, futa mara moja, kucha inang'aa. Kupuliza ndiyo kabisa: unapeleka hewa ileile iliyoleta unato.

Wapakaji nasi tuna letu. Wengine hufuta unato kila baada ya koti, yaani tabaka moja la jeli, wakidhani ni uchafu. Uacheni! Koti linalofuata huufunika, oksijeni inakosa njia, na vyote viwili huganda pamoja vikashikana. Madaktari wa meno wanaujua mchezo huu: jino huliziba kwa matabaka ya kama milimita 2, kila moja likipigwa mwanga, na la mwisho wengine hulipaka gliserini kuzuia hewa. Nilijaribu gliserini kwenye kidole gumba changu, nikakirudisha kwenye taa, nikaosha. Hakikunata hata kidogo.

Ubichi wa kweli upo, ila hausababishwi na hewa. Ni koti nene, hasa jeusi au lililokolea: rangi inaumeza mwanga kabla haujafika chini. Bonyeza kwa kijiti. Juu pakijikunja kama ngozi ya maziwa na chini pana uji, usikubali kufutiwa tu. Jeli isiyoganda ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio, vidole vikawasha na kutoka malengelenge, na mzio huo ukishaingia hautoki. Iondolewe yote, upakwe upya, makoti mawili membamba.