Klabu haina kura kwenye kikosi cha Stars

Kila Taifa Stars inapokaribia mechi za kufa na kupona, jina kubwa likikosekana kikosini, vijiweni utasikia: "Klabu yake imemkatalia." Tumeyarudia maneno haya miaka mingi mpaka yamekuwa kama sheria. Sheria yenyewe inasema kinyume.

Kwa kanuni za FIFA, klabu inalazimika kumwachia mchezaji katika madirisha ya kimataifa, yaani vipindi vilivyotengwa kwenye kalenda kwa ajili ya mechi za timu za taifa, iwe klabu ya Ulaya au ya hapa nyumbani. Sharti ni shirikisho lipeleke wito kwa maandishi angalau siku 15 kabla ya dirisha kufunguliwa. Hata klabu ikidai ni majeruhi, shirikisho lina haki ya kumpima kwa daktari wake. Na asiyeitikia wito haruhusiwi kuichezea klabu yake kipindi chote hicho, pamoja na siku tano za ziada.

Nadhani mkanganyiko huu umechangiwa na CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao. Mashindano hayo hayamo katika madirisha, kwa hiyo huko klabu inaweza kweli kusema hapana.

Kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ni jambo jingine. Novemba 2024, Stars ilipoifunga Guinea 1-0 kwenye Uwanja wa Mkapa kwa bao la Simon Msuva na kufuzu, mechi ilikuwa ndani ya dirisha. Nyota akiachwa katika mechi kama hiyo, na si majeruhi wala hana adhabu, muulizeni kwanza kocha. Uamuzi ni wake, na ana haki ya kuufanya.