Kama si amri, nani angeenda?

Jumamosi iliyopita nilikuwa Luanda, kule Vihiga, nafundisha timu ya uinjilisti ya kanisa moja, na kabla hata hatujafika chai kijana mmoja akainua mkono akasema, "Mwalimu, tuseme tu ukweli, kama si amri nani angeenda?" Watu wakaitikia amina. Swali hilo nimeulizwa Bungoma, nimeulizwa Nakuru, nimeulizwa hapa kwetu Kisumu sijui mara ngapi, na kila mahali linakuja na hiyo amina yake. Nimechoka nalo.

Nani angeenda? Wale wanawake wa Mathayo 28 walienda. Soma mstari wa 8, wacha kwanza wa 19, ile amri ya Yesu ya "enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi", ambao kila mtu anaujua kwa kichwa. Wanatoka kaburini "kwa hofu na furaha nyingi", wanapiga mbio. Malaika amewaambia waende upesi, sikatai, lakini ile furaha hakuwaagiza, hiyo walitoka nayo wenyewe. Na mwanamke Msamaria wa Yohana 4, Yesu alimwambia akamwite mumewe, yeye akaenda akaita mji mzima, mtungi akauacha pale pale kisimani! Hakuna mtu alimtuma kwa mji.

Amri iko, msiniandikie kuniambia iko. Najua kitenzi cha amri pale kwa Kigiriki ni kile cha kufanya wanafunzi, na hiyo "enendeni" imekaa pembeni yake ikiibeba, na hayo maneno "Agizo Kuu" ni kichwa watu waliweka baadaye, Mathayo hakuyaandika. Tuendelee. Na wale wanaotisha vijana na Ezekieli 3, ati damu ya jirani itadaiwa mkononi mwako, mkumbuke huyo alikuwa nabii amewekwa mlinzi wa nyumba ya Israeli, hakuwa binti wa kwaya wa miaka 16 anayeogopa kuongea kwa matatu.

Kwani shabiki wa Gor Mahia, ile timu ya mpira, huagizwa na nani? Panda boda pale Kondele utaje tu ile fainali ya Afrika ya 1987, yule dereva pengine hata hakuwa amezaliwa lakini atakuelezea mbili mbili kule Tunis, moja moja Kasarani, kombe likaja kwa mabao ya ugenini, na mtafika Dunga bado anaelezea. Hajafanyiwa semina huyo.

Sasa hapa ndio watu hunipoteza. Wakisikia nasema furaha wanadhani nasema uchangamfu. Kuna timu moja Nakuru niliifundisha siku mbili nzima, nikarudi baada ya mwezi wakaniambia mwalimu siku hizi tunaenda kwa furaha, kumbe wamekodisha spika kubwa kuliko ya kwanza na wameambiana kila mtu atabasamu. Jamani. Hiyo ni wajibu uliopakwa mafuta usoni. Mama wa mboga anaujua kabla hujafungua mdomo, yeye hukaa sokoni siku nzima na watu wanaomchekea ili wapunguziwe bei.

Wacha niwaambie kitu nilichoona Dunga. Nilikuwa nimesimama nangoja samaki wangu wa ngege, mama anaparua magamba, mteja mwingine akamuuliza tu mbona leo umenyamaza hivyo. Akasema, kisu bado kinatembea, leo ni mwaka tangu nimzike mtoto wangu. Akaparua kidogo. Alafu akasema usiku ule wodini watu walikuwa wameenda wote nikamwita Yesu, mtoto hakupona, lakini mimi sikukaa peke yangu usiku ule na sijawahi kukaa peke yangu tena. Akafuta macho na mgongo wa mkono kwa sababu vidole vilikuwa na magamba, akasema, "Huyo ndiye ananiamsha asubuhi." Yule mteja akaweka mfuko chini, akageuza ndoo akakalia, akamwambia mama hebu rudia hapo.

Hapo hapakuwa na tabasamu hata moja, na nimefanya hii kazi miaka 19, nawaambia hiyo ndio furaha ninayoongelea. Kitu kimekushika mpaka hakinyamaziki, kama vile Petro na Yohana wanatishwa na baraza katika Matendo 4 wanajibu hawawezi kuacha kunena waliyoyaona na kuyasikia. Kwa hivyo mtu asiniambie ati yuko kwa matanga, ati ana madeni, akishafurahi ndio atashuhudia. Wale wanawake walikimbia na hofu yao ndani.

Mimi mwenyewe nililelewa kwa fomu. Watu watano kila wiki, jina, simu, ameokoka ndiyo au hapana. Jumapili moja Kibuye nikamwendea mama wa njugu, akasali na mimi vizuri, nikaandika. Nikigeuka akaniita, "Kijana, hii ni mara ya tatu nasali na wewe, na hujawahi kuuliza watoto wangu wako aje." Nilienda nyumbani na hayo maneno nikakosa usingizi. Yananiuma mpaka leo.

Lakini kuna mahali sina jibu. Paulo mwenyewe anasema amewekewa sharti, ole wake asipoihubiri Injili, na kwa Wafilipi anasema wengine wanahubiri kwa husuda na fitina na bado yeye anafurahi bora Kristo ahubiriwe. Na mimi kuna siku nimeenda nimekauka kabisa, nimeenda tu kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na mtu akaokoka siku hiyo, anatembea na Mungu hadi sasa. Sijui niweke wapi hiyo. Siwezi kuwaambia mkikauka mbaki nyumbani.

Yule kijana wa Luanda sikumjibu kwa mistari. Nilimuuliza, mwaka huu Yesu amekufanyia nini? Akaangalia viatu kitambo, alafu akaanza polepole, babake, miaka minne hawasalimiani, Pasaka akaenda akabisha mlango. Chai ikapoa tukimsikiliza. Mchana tulipotoka nikamwona stejini na mwenye boda mmoja, wameketi juu ya pikipiki, anamwambia hiyo hiyo, na yule wa boda amekataa abiria wawili.

Jioni kwa ripoti wenzake walikuwa na watu kumi, kumi na wawili. Yeye mmoja. Mchungaji akamuuliza mbele ya wote mbona mmoja tu, na hapo ndio nikajua lazima niandike hii.